Malkia Elisabeth wa Ubelgiji: Mzaliwa wa Ujerumani aliyekataa kuhepa vita

Wasee, kuolewa na familia inayozozana na yenu ni ngori. Sasa fikiria hiyo zozo ni Vita vya Kwanza vya Dunia, na wewe ndiye malkia. Hiyo ndiyo ilimpata Elisabeth wa Ubelgiji.

Alitoka wapi?

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1876 huko Bavaria, Ujerumani. Mzae wake, Karl Theodor, alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme lakini pia daktari wa macho, si jina tu, na Elisabeth alikuwa akimsaidia kwa kliniki. Mwaka wa 1900 aliolewa na Albert wa Ubelgiji. 1909 Albert akawa mfalme, naye akawa malkia.

Vita vikabisha hodi

Agosti 1914 Ujerumani ilitaka kupitisha jeshi Ubelgiji ili iifikie Ufaransa. Albert akakataa. Tarehe 4 wanajeshi wakaingia kwa nguvu.

Mmoja wa makamanda wa Ujerumani alikuwa Rupprecht wa Bavaria. Huyo alikuwa shemeji yake kabisa, mume wa sistake Marie Gabrielle aliyekufa 1912. Elisabeth alijua wasee wangemtazama kwa jicho baya, lakini akasimama na mumewe.

Kufikia mwisho wa Oktoba, karibu nchi yote ilikuwa imechukuliwa. Wabelgiji walifungulia maji ya bahari yakafurika bonde la mto Yser, na kikabaki kipande kidogo tu. Serikali ilihamia Ufaransa. Watoto wake walipelekwa Uingereza. Yeye naye angekaa huko salama, lakini alirudi kuishi De Panne, mji mdogo wa ufuoni karibu na mstari wa vita.

Hospitali ya hotelini

Hapo De Panne, daktari Antoine Depage aligeuza hoteli moja, l'Océan, kuwa hospitali ya Msalaba Mwekundu. Elisabeth aliiunga mkono na kuzuru majeruhi. Picha zake akiwa na nguo nyeupe za uuguzi zilisambazwa sana, na ni kweli zilitumika kuipigia Ubelgiji debe. Lakini mabomu ya kule hayakuwa ya kuigiza. 1915 hata mwanawe Leopold, miaka 13 tu, aliingizwa jeshini.

Tarehe 22 Novemba 1918 familia iliingia Brussels kwa farasi, mji mzima ukiwashangilia.

Kuna upande mwingine

Wakati dunia ikiihurumia Ubelgiji kwa kuvamiwa, Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeikalia Kongo. Lubumbashi ya leo iliitwa Elisabethville, jina la huyu malkia, hadi 1966. Wenyeji hawakuulizwa.

Vita vya pili

Wajerumani walirudi 1940. Albert alikuwa ameshafariki 1934 kwa ajali ya kupanda mwamba. Safari hii Elisabeth alibaki Brussels, na ule Ujerumani wake uliomletea noma ukawa silaha: aliutumia kuwaombea Wayahudi wasisafirishwe kwenda kuuawa. 1965 Israeli ilimtambua rasmi kwa kuokoa Wayahudi. Alifariki mwaka huohuo, tarehe 23 Novemba, akiwa na miaka 89.

Kwao hakuchagua. Upande alichagua, mara mbili.