Mafungo ya kiroho katika nchi ya michai

WAKENYA wengi humwita kila mtu mwenye asili ya Bara Hindi "Mhindi", na hapo mambo huanza kuchanganyika. Mhindi ni mtu wa nchi. Mhindu, ambaye wazee wa pwani walimwita Banyani, ni mfuasi wa dini. Singasinga naye, au Kalasinga kama anavyojulikana mitaani, ni mfuasi wa dini nyingine iliyochipuka Punjab kutokana na mafundisho ya Guru Nanak (1469-1539). Asiyeijua tofauti hii hawezi kuelewa kwa nini kuna waumini wanaovuka bahari kuja kutafakari na kuomba mjini Kericho, katikati ya mashamba ya chai, ilhali India kwenyewe kuna milima na mito mitakatifu isiyohesabika.

Tuanze na Wahindu, kwani wao ndio waliojenga desturi ya kujitenga na mikiki ya dunia. Maandiko yao ya kale hugawanya maisha katika hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mkaa msituni na, hatimaye, mtu aliyeukana ulimwengu. Hatua ya tatu huitwa vanaprastha. Mtu akishaona mvi zake na wajukuu wake, huwaachia wanawe mali na kuelekea msituni kumtafuta Mungu. Ni wachache mno waliowahi kuifuata hatua hiyo neno kwa neno, lakini wazo lenyewe halikufa. Lilihamia katika ashram, makao ya mafungo ambayo jina lake, katika Kisanskriti, linatokana na neno lenye maana ya juhudi.

Mji unaojulikana zaidi kwa makao ya aina hiyo ni Rishikesh, mahali ambapo mto Ganges unatoka katika milima ya Himalaya. Wageni huamka kabla ya mapambazuko, huketi kimya, huvuta tasbihi ya shanga 108 huku wakitaja jina la Mungu, na jioni huimba nyimbo za sifa kando ya mto. Nyama na pombe haviruhusiwi. Ulimwengu wa Magharibi uliufahamu mji huo zaidi mwaka 1968, wanamuziki wa The Beatles walipokwenda huko kujifunza kutafakari. Hata hivyo, si kila ashram ni ya ukimya. Ile ya Mahatma Gandhi kandokando ya mto Sabarmati, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikuwa na sala asubuhi na jioni, na kati ya sala hizo watu walisokota nyuzi za pamba, wakalima na kusafisha vyoo.

Guru Nanak hakukubaliana na suala la kuikimbia jamii. Mapokeo ya Masingasinga yanasimulia kwamba katika safari zake alikutana na watawa waliojificha milimani, akawauliza nani atauokoa ulimwengu ikiwa wenye hekima wameuhama. Yeye mwenyewe alimaliza siku zake Kartarpur akiwa mkulima mwenye mke na watoto. Kwa hivyo, Singasinga hana hatua ya kwenda msituni. Anatakiwa kuamka alfajiri, aoge, alitafakari jina la Mungu, kisha aende kazini.

Mtu aliyeufanya mji wa Kericho ujulikane miongoni mwa Masingasinga aliishi maisha ya namna hiyo hasa. Puran Singh alizaliwa Punjab mwaka 1898 na kuwasili Kenya mwaka 1916, miaka 15 baada ya reli iliyojengwa na vibarua kutoka India kufika Kisumu. Alikuwa fundi. Karakana yake mjini humo ilijulikana kama Kericho Wagon Works, na kampuni za chai zilipoanza kupanda mashamba yao makubwa katika miaka ya 1920, kazi ya mafundi wa aina yake ilihitajika sana. Mchana alifanya kazi. Alfajiri na usiku alisali, na watu wakaanza kumwendea kwa ushauri wa kiroho. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akaanzisha jijini Birmingham jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Alifariki mwaka 1983, na hadi leo wafuasi wake humwita Kerichowale, yaani "wa Kericho".

Neno nishkam katika jina la jumuiya hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini. Maana yake ni kutenda bila kutamani malipo, na fundisho hilo limo pia katika Bhagavad Gita ya Wahindu. Hapo ndipo dini hizi mbili zinapokaribiana.

Leo pale palipokuwa na karakana pamesimama gurdwara kubwa yenye kuba. Huko Kitabu kitakatifu cha Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, husomwa mara nyingine bila kukatizwa hata kidogo, wasomaji wakipokezana usiku na mchana kwa takriban saa 48. Nje kuna baridi ya Kericho, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri ambayo wachumaji chai wanaijua vyema kuliko mgeni yeyote.

Lakini uzuri huo wa maumbile una historia yake. Kabla ya michai, Wakipsigis waliabudu Asis katika nchi hii, kwenye madhabahu ya nyumbani yaitwayo mabwaita na katika mikutano ya ibada ya kapkoros. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo uliotoa viongozi wa kiroho wanaoitwa orkoiik, na mamia ya watu wakapelekwa uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ardhi ya Wakipsigis wengine ilitwaliwa kwa ajili ya walowezi na chai. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza bado haijawaomba radhi wala kuwafidia waathiriwa. Mkulima mdogo wa Kiptere anayepeleka majani yake kituoni huiona mandhari ile ile anayoiona hujaji, ila haiiti mahali pa mapumziko. Si haki kumlaumu hujaji kwa hilo, lakini ni vyema alijue.

Milango ya gurdwara iko wazi kwa watu wa dini zote. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, na haingii na tumbaku wala pombe. Baada ya ibada watu wote, tajiri na maskini, huketi sakafuni mstari mmoja wakala chakula cha bure kisicho na nyama, aghalabu chapati na dengu. Hivyo ndivyo ilivyo pia Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, ambako gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 imewalisha na kuwalaza wasafiri wa kila kabila. Akishashiba, mgeni anayetaka kuendelea na ibada huelekezwa jikoni, ambako kuna unga wa kukanda na sahani za kuosha.