Klabu za kujitolea na urejeshaji wa ardhi oevu Nakivale: mambo ya kujua kabla ya kuanza

Je, unataka kujiunga na klabu ya kujitolea? Au kikundi chako kinapanga kurejesha sehemu ya kinamasi iliyoharibika karibu na Ziwa Nakivale? Makala haya yanaeleza klabu hizi hufanya nini, ndege wa ardhi oevu wanahitaji nini, hatua za kufuata na haki zako. Yameandikwa kwa wakimbizi na wenyeji wa wilaya ya Isingiro, lakini mengi yanafaa pia katika makazi mengine ya Uganda.

Kumbuka jambo moja tangu mwanzo: kinamasi hakirejeshwi kwa kupanda miche mingi siku moja na kupiga picha. Kinarudi pale watu wanapokubaliana kuacha kukikausha. Kufikia makubaliano hayo ndiyo kazi ngumu, na ndiyo inayotangulia.

Kwa nini ardhi oevu hii ni muhimu?

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Sehemu kubwa ya maji yanayosambazwa hapa huvutwa kutoka ziwani na kusafishwa. Ziwa lenyewe ni sehemu ya mfumo wa ardhi oevu wa Mburo–Nakivali, unaopokea maji ya mto Rwizi kutoka milima ya Buhweju kupitia Mbarara. Mwaka 2006 mfumo huu uliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mafunjo, matete na nyasi za ukingoni hufanya kazi kama chujio. Hushika udongo unaoteremka na mvua kabla haujaingia ziwani. Yakifyekwa na kulimwa hadi kwenye maji, ziwa hujaa tope, kusafisha maji huwa kugumu zaidi, na samaki hukosa mahali pa kuzalia. Kwa hiyo ukingo unaowafaa ndege unakufaa na wewe unayechota maji bombani.

Ndege gani, na wanahitaji nini?

Anayejulikana zaidi ni korongo taji, ndege wa taifa la Uganda aliye kwenye bendera. Wanyankole humwita entuuha, Waganda ngaali, na wanaotoka Rwanda na Burundi humwita umusambi. Tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi, kuchukuliwa kwa mayai na makinda, na nyaya za umeme.

Korongo taji hujenga kiota chini, katikati ya majani marefu yaliyozungukwa na maji. Hutaga mayai mawili hadi matatu kwa kawaida na kuyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Makinda hukaa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka. Muda wote huo hutegemea kina cha maji na utulivu. Maji yakikauka, mbwa na watoto hufika kwenye kiota kwa miguu.

Ndege huyu hula wadudu, vyura na mbegu. Humsaidia mkulima kwa kula wadudu, lakini pia huweza kufukua mahindi au karanga zilizopandwa karibuni. Usilifiche jambo hilo mnapozungumza na wakulima. Wao wanalijua kuliko wewe.

Wapo pia ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu. Mmoja wao ana kifua chekundu na utosi wa manjano. Mafunjo yakiisha, hawa hawana pa kuhamia.

Kosa linaloonekana mara nyingi

Vikundi vingi hupenda kupanda miti. Kwenye vilima na viwanja vya nyumba, hilo ni jema. Ndani ya kinamasi linaweza kudhuru. Mikaratusi, inayoitwa pia kalitunsi, hunywa maji mengi na huharakisha ukaukaji. Korongo taji naye anahitaji eneo la wazi lenye nyasi na maji ili aone hatari ikija.

Kinachosaidia zaidi ni haya:

– Kuziba mifereji iliyochimbwa kutoa maji, kwa idhini na maelekezo ya wataalamu.
– Kuacha ukanda wa ukingo upumzike bila kulimwa, kuchomwa moto wala kulishwa mifugo.
– Kupanda mafunjo au matete ya hapo hapo pale ambapo hayaoti yenyewe.
– Kupanda miti ya matunda, malisho na kuni juu ya mteremko, mbali na maji, ili udongo usiteremke na watu wapunguze kukata mafunjo.

Tunajifunza nini kutoka Rugezi?

Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, kinaonyesha pande zote mbili. Kilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalishuka, na kituo cha umeme cha Ntaruka kikapunguza uzalishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilikabiliwa na upungufu mkubwa wa umeme. Serikali ilizuia shughuli ndani ya kinamasi, maji yakarudi, na mwaka 2010 Rwanda ilipata tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo.

Lakini zuio la mwanzo liliziumiza familia zilizokuwa zikitegemea kinamasi kwa chakula na majani. Hali ilipata nafuu zilipoongezwa hatua nyingine: makinga-maji vilimani, majani ya malisho, ufugaji wa nyuki na majiko yanayotumia kuni chache. Ukimwondoa mtu kwenye shamba bila kumwonyesha njia nyingine, atarudi usiku. Na hapa Nakivale, ikiwa anayeondolewa ni mkimbizi na anayeondoa ni mwenyeji, au kinyume chake, jambo la kinamasi linaweza kugeuka ugomvi wa jamii mbili.

Klabu za kujitolea ni zipi?

Ni vikundi vya watu wanaotoa muda na ujuzi wao bila mshahara. Baadhi ni vya hapa hapa: vikundi vya vijana, vya wanawake, vya makanisa na misikiti, na klabu za mazingira shuleni. Vingine ni sehemu ya mitandao ya kimataifa kama Skauti na Rotary. Nakivale ilipata klabu ya Rotaract mwaka 2016. Rotaract ni ya watu wenye miaka 18 na zaidi. Interact ni ya vijana wa miaka 12 hadi 18. Tangu Julai 2021, mazingira ni mojawapo ya maeneo makuu saba ya kazi za Rotary.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa na visivyotafuta faida. Wakimbizi na wenyeji wanaweza kuwa katika klabu moja. Kwa kazi ya kinamasi, klabu ya mchanganyiko ina nguvu zaidi, kwa sababu ukingo wa ziwa ni wa wote.

Hatua za kufuata

1. Zungumzeni na kamati ya ustawi wa wakimbizi (RWC) na mwenyekiti wa LC1 wa upande wa wenyeji.
2. Tembeleeni eneo pamoja na wanaolima, wanaovua na wanaolisha mifugo hapo. Andikeni nani anategemea nini.
3. Ombeni idhini ya afisa mazingira wa wilaya na ofisi ya OPM ya makazi. Katiba ya Uganda inaweka ardhi oevu chini ya serikali kama amana ya wananchi wote, kwa hiyo klabu haiwezi kujigawia wala kumfukuza mtu.
4. Kubalianeni mipaka, na kubalianeni anayeacha kulima atapata nini badala yake. Kama jibu halipo, anzeni na sehemu ndogo isiyolimwa na mtu.
5. Anzeni kazi, kisha hesabuni ndege mahali pale pale, saa ile ile, kila mwezi. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaambia kama kazi inafaa.

Usalama wako

– Vaa mabuti na glavu. Maji ya ukingoni yanaweza kuwa na kichocho.
– Usifanye kazi alfajiri sana au jioni karibu na maji. Viboko hutoka majini kula nyakati za giza.
– Ukiona kiota, ondoka polepole na usiwaonyeshe watu wengine. Kukamata au kuuza ndege wa porini bila kibali ni kosa la kisheria.
– Usishike ndege aliyekufa. Mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda Januari 2017. Mjulishe afisa mifugo.
– Watoto waende kwa ruhusa ya wazazi na wasiingie majini.

Haki zako kama mtu wa kujitolea

Kujitolea ni hiari. Hakuongezi wala hakupunguzi mgao wako wa chakula au fedha, na hakuathiri maombi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Ada ya klabu, ikiwepo, iamuliwe na wanachama na itolewe risiti. Ukiambiwa kazi ni ya malipo, uliza kiasi na siku ya kulipwa kabla ya kuanza.

Ukidaiwa fedha au jambo lolote la kingono ili uandikishwe, toa taarifa kwenye dawati la ulinzi, kwa RWC, polisi, au kwa simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure, na taarifa yako itatunzwa kwa siri.