Mlinzi wa Mkate

Mwanafunzi asomaye Kiingereza hukutana mapema na neno lord, maana yake bwana mkubwa. Hudhani ni neno moja lisilogawanyika. Sivyo, ni maneno mawili ya kale yaliyosagika katika vinywa vya watu, kama nasi tusemavyo mwanangu badala ya mwana wangu.

Zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza walisema hlafweard. Hlaf ni mkate, na weard ni mlinzi. Basi bwana aliitwa mlinzi wa mkate. Bibi wa nyumba, aitwaye leo lady, aliitwa hlæfdige, yaani mkandaji wa mkate. Na mtumishi aliyelishwa na nyumba ile aliitwa hlafæta, mla mkate. Neno hili la tatu limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, aliyekufa mwaka 616: aliyemwua mla mkate wa mtu huru alipaswa kulipa shilingi 6 za wakati ule.

Katika maneno haya matatu twaiona nyumba nzima: huyu alinda chakula, huyu akanda unga, na hawa wala. Waliotunga jina hili hawakumwita bwana mwenye upanga wala mwenye nchi. Walimwita kwa kazi yake ya kuhifadhi chakula cha watu wake.

Baadaye hlafweard likawa hlaford, kisha loverd, hata likabaki lord. Mwaka 1066 Wanormandi waliishinda Uingereza, wakaleta maneno mengi ya Kifaransa ya utawala, lakini neno hili la nyumbani halikung'oka. Na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mungu, aombwaye mkate wa kila siku, huitwa kwa neno lilo hilo.

Hlaf na weard wangali hai mbalimbali: loaf ni mkate mzima, ward ni ulinzi. Lakini yalipoungana, mkate ulisahauliwa. Likabaki jina la heshima tu.

Hili si jambo la Waingereza peke yao. Cheo chaweza kudumu hata kazi yake ikisahauliwa. Basi, tusikiapo jina kubwa, la kwao au la kwetu, tuwaulize wazee: mwenye jina hili alilinda nini, na ni nani waliokula kwake?