Bank: ukingo, benki na maana nyingine

Bank ni nomino na kitenzi cha Kiingereza. Visawe vyake vikuu katika Kiswahili ni ukingo, benki, fungu, tuta na safu, na kila kimoja kina mahali pake.

Neno hili hufundishwa mapema shuleni, na kwa hiyo wengi hudhani wamelimaliza. Kiswahili kilikopa maana moja tu kati ya maana zake, ile ya taasisi ya fedha. Maana zilizosalia zilikuwa tayari na majina ya Kiswahili. Tofauti hiyo huonekana wazi mahali kama Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inakutana na Mto Ruaha Mkuu na ambapo vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji. Mkulima wa huko huweza kuwa na shamba karibu na bank moja na akiba yake katika bank nyingine. Mwingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Mswahili husema ukingo kwa shamba na benki kwa akiba.

Asili

Bank yenye maana ya ukingo iliingia Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia, ikimaanisha mwinuko wa ardhi. Bank yenye maana ya benki ilitoka Italia kupitia Kifaransa. Neno la Kiitaliano banca au banco lilikuwa jina la benchi au meza ya mvunja fedha sokoni. Waitaliano nao walikuwa wamelipata neno hilo kutoka lugha za Kijerumani cha kale, katika shina lile lile lililozaa bench ya Kiingereza. Kwa hiyo benki na benchi, maneno mawili ambayo Kiswahili kiliyapokea kwa nyakati na njia tofauti, ni ndugu wa ukoo mmoja.

Bankrupt nayo imetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya benchi lililovunjika. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Mtu wa namna hiyo huitwa muflisi, na hali yake ni kufilisika, kutoka shina la Kiarabu lenye uhusiano na fulusi, yaani fedha.

Maana ya kwanza: ukingo

Ukingo (wingi kingo, ngeli ya U-ZI) ni ardhi iliyo pembeni mwa mto na inayoyazuia maji yasitoke katika mkondo wake. Shina lake ni kitenzi kinga. Ukingo, basi, ni kile kinachokinga. Neno hili hutumika pia kwa mfereji na hata kwa jaruba: Kingo za jaruba zikibomoka, maji huhamia kwa jirani.

Ukingo wa kulia na wa kushoto huhesabiwa kwa kutazama upande maji yanakoelekea, si yanakotoka. Eneo la Palestina liitwalo West Bank kwa Kiingereza hujulikana kwa Kiswahili kuwa Ukingo wa Magharibi, kwa kuwa liko magharibi mwa Mto Yordani. Bank ya upande wa pili wa mto, inapozungumzwa na mtu anayetaka kuvuka, ni ng'ambo.

Ufuo na ufukwe ni vya bahari au ziwa. Havifai kwa mto.

Maana ya pili: benki

Benki (wingi benki, ngeli ya I-ZI) ni taasisi ya kuweka na kukopesha fedha: Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1966; Benki ya Dunia. Kwa kupanuka, neno hili limechukua pia maana ya hazina ya kitu chochote kinachohifadhiwa kwa matumizi ya baadaye: benki ya damu, benki ya mbegu.

Hata hivyo, si kila bank ya fedha huwa benki katika tafsiri. Chombo cha nyumbani cha kudunduliza sarafu ni kibubu. Bank holiday ya Uingereza, iliyopata jina lake kutokana na sheria ya mwaka 1871, ni siku ya mapumziko ya kitaifa. Kuiita sikukuu ya benki ni kosa. To bank on someone ni kumtegemea mtu.

Mfano wa pekee ni VICOBA. Kifupisho hiki kilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini. Wasemaji waliisikia silabi ya kwanza kama kiambishi vi- cha wingi, wakaunda umoja wake: kikoba. Neno hilo lilikuwapo tayari, likimaanisha mkoba mdogo, na mkoba ndimo fedha zinamokaa. Leo mtu husema kikoba chetu bila kukumbuka kwamba ndani yake kuna bank.

Maana nyingine

Rundo la mchanga chini ya maji ya bahari ni fungu. Jina hili limo katika majina ya mahali pwani, kama Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam. Udongo ulioinuliwa na watu ili kuzuia maji ni tuta. Swichi au mashine zilizopangwa pamoja ni safu. Ndege inayo-bank hulalia upande inapopinda.

Tanbihi kwa wafasiri

Kosa la kuandika benki mahali pa ukingo hugunduliwa mara moja, kwa kuwa sentensi huchekesha. Kosa la hatari ni lile lisilochekesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 zinazohusu, miongoni mwa mengine, river bank. Katika tangazo la kijiji au barua ya mahakama, maneno hayo huweza kufasiriwa kwa namna nne, na kila moja humgawia mkulima ardhi tofauti.

Kando ya mto haina mahali pa kuanzia kupima. Kando huweza kuwa hatua tano au mia tano.

Bonde la mto ni eneo lote linalomwaga maji mtoni. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambalo Ruaha Mkuu ni sehemu yake, husimamia mikoa kadhaa. Kulitumia neno hilo hapa ni kulikataza eneo zima.

Ukingo wa maji, au mita 60 kutoka kwenye maji, husogea. Wakati wa kiangazi maji hurudi katikati ya mkondo, na kipimo hurudi pamoja nayo. Masika yakija, shamba lililokuwa halali huwa haramu bila mwenyewe kuligusa.

Ukingo wa mto peke yake hutaja ardhi inayoyashika maji, si mstari wa maji ya siku hiyo. Ndiyo maana ya bank katika Kiingereza, na ndiyo tafsiri inayofaa. Panapohusika pande mbili, kingo za mto ni sahihi zaidi, ili msomaji asidhani kuwa upande mmoja tu ndio unaolindwa.

Mifano

Hairuhusiwi kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.
Fedha za vitunguu ziliwekwa benki kabla ya msimu wa kupanda.
Mafuriko yalikula ukingo wa kushoto, tuta likabaki.
Mtoto alivunja kibubu chake akanunua daftari.

Tazama pia: benchi, kinga, mfereji, muflisi, ng'ambo.