Taa ya Oili Ikiwaka Kwa Jam ya Githurai 45, Zima Ndai Kwanza

Uko kwa jam Githurai 45, ndai inanguruma lakini haisongi. Mara ile taa nyekundu yenye picha ya kikopo cha oili inawaka. Usijiambie utafika Ruiru kwanza. Ingia kando, zima injini. Ukiendelea, vyuma vitasagana na injini inaweza kukwama kabisa.

Hiyo taa haikuambii oili imebaki kiasi gani. Inakuambia presha imeshuka. Kazi ya pampu ni kuvuta oili kutoka kwa sampu huko chini, kuipitisha kwa filta, halafu kuisukuma hadi kwa beringi za kranki na kemshafti. Pampu huzungushwa na injini yenyewe, kwa hivyo kwa jam inazunguka polepole. Ndio maana ile imechoka huanza kujionyesha hapo, hasa injini ikiwa moto.

Ukiwa pahali tambarare, ngoja dakika chache, kisha cheki dipstiki. Oili ikiwa chini, ongeza. Ikiwa iko sawa na taa bado inawaka, usiendeshe. Ita fundi apime presha na geji kabla akuuzie pampu. Pengine ni sensa tu, ama uchafu wa oili iliyozeeka umeziba chujio ndani ya sampu.

Kutunza pampu si ngumu. Badilisha oili na filta kwa wakati, na utumie gredi iliyoandikwa kwa kitabu cha gari. Ukifungiwa pampu mpya, hakikisha sampu imeoshwa, la sivyo uchafu ule ule utaimaliza.