Mzigo na Wachukuzi Wake: Habari za Njia ya Unyanyembe

Mtu aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe katika karne ya kumi na tisa aliipima safari yake kwa miezi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda upesi zaidi, maana ilijua maji yalipo na haikujitwika anasa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mwendo ule wa miezi ulipungua ukawa wa siku mbili hivi. Leo neno la mtu aliye pwani humfikia ndugu yake wa Tabora kabla msemaji hajafumba kinywa.

Ni desturi yetu kuzisimulia habari za namna hii kama mtu apandaye ngazi: jana chini, leo juu, kesho juu zaidi. Ngazi hiyo ipo, wala insha hii haikusudii kuikana. Lakini aliyepanda ngazi huku ana mzigo begani hana budi kuulizwa mzigo ule aliuweka wapi. Katika njia ya Unyanyembe twaona mara kwa mara kwamba mzigo haukutoweka. Ulihama kutoka bega moja kwenda kichwa kingine.

Tuanze na mpagazi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo ni kilo 32 hivi; na pembe kubwa ya ndovu iliweza kuzidi hapo. Juu ya hayo alichukua mkeka wake, chungu, chakula na silaha. Kwenda pwani alipeleka pembe; kurudi alileta merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mbele yake alikwenda kirangozi, aliyejua njia, makambi na tabia za wenye nchi. Kazi hii ilikuwa na heshima yake. Kijana wa Unyamwezi aliyekwisha kuiona bahari alirudi kwao akiwa mtu mwingine. Aliyekuwa hajaiona alihesabiwa kuwa bado mtoto. Wapagazi waliafikiana juu ya ujira na posho, na walipodhulumiwa waliweka mizigo chini au wakatoroka. Na mvua za kulima zilipokaribia, wengi walikataa kuondoka kwao hata kwa ujira mkubwa. Basi tusimchanganye mpagazi na mtumwa, kama walivyofanya waandishi wengi wa kigeni.

Lakini tukimtenga mpagazi na mtumwa kwa jina, haifai kuwatenga katika hesabu. Njia iyo hiyo ilipitiwa na watu waliofungwa, kutoka Manyema na kwingineko, na Tabora ilikuwa soko lao. Zaidi ya hayo, mpagazi alipokuwa pwani kwa miezi, nani alilima shamba lake? Mara nyingi ni mkewe, pamoja na watumwa walionunuliwa kwa faida ya biashara ya misafara, na wengi wa watumwa hao walikuwa wanawake. Uhuru wa mwanamume mmoja wa kwenda akitakako ulisimama juu ya mgongo wa mwanamke asiyeweza kwenda popote. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu, yaani miaka kumi baada ya garimoshi la kwanza kupiga honi Tabora.

Nyumbani nako palikuwa na ufundi ambao leo umesahauliwa. Katika Unyanyembe watu walifuma nguo za pamba kwa mitambo ya mbao waliyoiunda wenyewe. Burton aliiona na kuieleza. Wahunzi wa kaskazini, Warongo miongoni mwao, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyoletwa kuuzwa Tabora. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Merikani ilipozidi kuja, mfumaji aliacha mtambo wake. Majembe ya Ulaya yaliposhuka bei, tanuri la mhunzi lilizimika. Mwenye jembe la kununua alipumzika gharama, lakini kijiji kilipoteza mtu aliyejua kuligeuza jiwe kuwa chuma, na ujuzi wake ukafa pamoja naye.

Ndipo ikaja dola ya Wajerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao, na boma lake lilipovunjwa mwezi wa Januari 1893, alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa njia nzima, ikapooza. Dar es Salaam ikanenepa. Ama Tabora, kwa bahati ilipitiwa na reli, ikabaki mji. Mpagazi akafunguliwa mzigo, na pamoja nao akafunguliwa ujira. Sasa kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwa njiani tena. Ikabidi kuifuata mbali. Wajukuu wa wale waliokwenda pwani kwa kujivuna, wakiafikiana bei, walikwenda mashamba ya mkonge kwa mkataba, wakaitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba. Njia ilikuwa fupi zaidi kuliko ya babu. Heshima nayo ikawa fupi.

Tena yafaa tukumbuke ya mwaka 1914. Reli ilikuwa imefika Kigoma miezi michache tu, watu wakidhani zama za kuchukua mizigo begani zimekwisha, vita ikazuka. Majeshi ya pande zote yalipoiacha reli na kuingia porini, yalihitaji mabega. Mamia ya maelfu ya Waafrika walikamatwa kuwa wachukuzi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Chakula na risasi za vita hiyo vilikwenda kwa miguu ya watu. Mzigo ulirudi begani, ila safari hii hakukuwa na kuafikiana ujira. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi cha wachukuzi hao. Lakini anunuaye nguo pale leo ni nadra kukumbuka.

Baada ya vita, tawi la reli lilifika Mwanza mwaka 1928. Baiskeli ikaingia vijijini, kisha lori, na katika miaka yetu pikipiki. Walakini baina ya stesheni na jiko la nyumbani palibaki mwendo ambao garimoshi halikuujua. Mtungi wa maji na tita la kuni havikupanda behewa. Vilikaa kichwani mwa mama na binti yake, miaka hamsini, miaka sitini, miaka mia baada ya reli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na katika hesabu za maendeleo mzigo wa mwanamke wa kijijini umekuwa kanda la usufi mno.

Jambo hili lilianza kubadilika karibuni tu. Mwezi wa Julai 1858 Speke aliondoka Kaze akaelekea kaskazini, akaliona ziwa analoliita Victoria baada ya siku 25. Mwezi wa Januari 1921 na mia moja zaidi, yaani 2021, ulizinduliwa mradi uletao maji ya ziwa hilo kwa mabomba hadi Nzega, Igunga na Tabora. Maji yamekuja kwa kuirudi njia ile ya kaskazini, bila kichwa cha mtu. Kwa maoni yangu, mabomba hayo yastahili kuandikwa katika historia karibu na reli, ingawa hayana honi.

Huko huko Nzega iko kata ya Lusu, ulipokuwa mgodi wa Golden Pride, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1998 na kumaliza kazi yake katika muongo wa 2010. Kizazi kimoja kiliuona mgodi ukifunguliwa, na kizazi kicho hicho kikauona ukifungwa. Njia ya misafara ilidumu kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Lugha nayo imeyaweka haya yote. Hongo ilikuwa ada ya wazi aliyotozwa msafiri na mwenye nchi. Leo ni rushwa itolewayo gizani. Nguo na ushanga vilivyokuwa fedha ya njiani vimerithiwa na fedha ya simu, iliyoanza kutumiwa Tanzania mwaka 2008 kwa huduma ya M-Pesa, na haina uzito hata wa punje. Garimoshi limebaki na moshi katika jina tu. Treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na mikataba ya kuifikisha reli mpya Tabora na Isaka ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, alituachia maisha yake kwa Kiswahili. Selemani bin Mwenye Chande alituachia safari yake ya bara. Hao walikuwa wenye mali. Aliyeichukua mali hiyo begani hakuandika, na mwanamke aliyelima nyuma yake hakuulizwa. Lakini wapo bado wazee waliosikia habari zao kwa vinywa vya babu na bibi zao: majina ya makambi, adabu ya njiani, jinsi jembe lilivyofuliwa, umbali wa kisima. Kuna likizo kila mwaka, na simu iliyo mfukoni mwa kila mwanafunzi yaweza kuhifadhi sauti. Aende nayo kijijini, akae chini, aulize, wala asimkatize mzee.