Sosi ya prune na marakuja: ya kulia nyama, na ya kuokoa matunda

Kule Uingereza, nyama ya nguruwe ya kuchoma hailiwi peke yake. Pembeni wanaweka sosi ya pomme. Nyama iliyopoa, sawa jambon ao nyama ya pori, wanakula na sosi yenye inaitwa Cumberland: jeli ya groseille, vin ya porto, maji na maganda ya machungwa na ndimu, pamoja na mutarde kidogo. Sosi hiyo inaliwa ikiwa baridi.

Sababu yake ni rahisi. Mafuta ya nyama yanabaki mdomoni, na uchachu wa tunda unayakata. Ndiyo maana hata Butembo na Beni watu wanakamulia ndimu juu ya mbuzi ya kuchoma.

Groseille haizai kwetu, kwa sababu mti wake unahitaji miezi ya baridi kali. Lakini prune, yenye wengine wanaita tomate ya mti, inazaa vizuri kwenye milima ya Butembo na Lubero. Ilitoka Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes. Iko nyekundu, iko chachu, na ina pektini, ile kitu inafanya jeli ikamate. Marakuja pia ilitoka Amerika ya Kusini, na uchachu wake unapita wa prune. Kwa hiyo kazi ya groseille, prune na marakuja zinaweza kuifanya.

Kwa nini ni muhimu sasa

Tunda halingojei. Tangu mauaji yaanze eneo la Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, wakulima wengi wameacha mashamba yao. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na njia ya kutoka Butembo kwenda Goma ikakatwa na mstari wa vita. Barabara ikifungwa siku 3 tu, marakuja inakunjamana na prune inaanza kuoza, na mama mwenye aliikopea pesa anabaki na deni. Sosi iliyofungwa vizuri ndani ya chupa inaweza kungoja.

Vitu vya kutafuta

- kilo 1 ya prune zilizoiva
- marakuja 6
- machungwa 1 na ndimu 2
- sukari gramu 300
- kitunguu 1 na kipande cha tangawisi
- chumvi kijiko kidogo 1, na pilipili kwa mwenye anapenda

Namna ya kupika

Mwangia prune maji ya moto kwa dakika 3, kisha toa ngozi, kwa sababu ngozi iko na uchungu. Kata nyama yake vipande. Kamua marakuja kwenye chujio, ubakize maji peke yake. Paruza ganda la machungwa juu juu tu, maana ile sehemu nyeupe pia iko na uchungu. Kisha kamua machungwa na ndimu.

Weka vyote kwenye sufuria, juu ya babula yenye moto wa pole. Koroga kila mara, sukari isiungue chini. Kisha dakika 30 hivi, angusha tone moja kwenye sahani baridi. Kama halikimbii, sosi imeiva. Usilaze sosi ndani ya sufuria ya aluminium: uchachu unakula chuma na ladha inaharibika.

Sosi hii inakwenda na nguruwe, mbuzi, broshete, hata kuku. Bugali ao ndizi za kuchoma pembeni zinatosha.

Kuifunga ndani ya chupa

Tumia chupa za vioo zenye kifuniko cha kukaza. Zisafishe na uzichemshe. Jaza sosi ikiwa ingali moto, funga, kisha weka chupa zote ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 20. Vitabu vya nchi za chini vinaandika dakika 10, lakini Butembo iko zaidi ya mita 1700 juu ya bahari, na huko maji yanachemka karibu na digri 94, si 100. Beni iko chini zaidi, lakini hata huko dakika 20 ni afadhali.

Usibadilishe prune kwa papai iliyoiva ao ndizi peke yake. Matunda hayo hayana uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu, na vingine vinatoa sumu yenye kuua bila kubadilisha harufu.

Weka chupa mahali pa baridi na giza, zitumike ndani ya miezi 2. Mwenye hana frigo achague chupa ndogo, zenye jamaa inamaliza kwa siku 2. Kifuniko kikivimba, ao povu ikitoka wakati wa kufungua, tupa yote. Usionje.

Kwa mwenye anataka kuuza, hesabu isianzie kwenye matunda peke yake. Chupa, sukari na makala ndivyo vinakula faida. Kurudishiwa chupa na wateja kunapunguza gharama, lakini kila chupa inayorudi ichemshwe upya na ipate kifuniko kipya.